Taa Ikizima, Andika Ilizima

Mimi ni mtoto wa Namawala. Kama hujafika kwetu, ni kijiji cha wakulima wa mpunga katika bonde la Kilombero, ukitoka Ifakara kuelekea magharibi. Masika mto unapanda, bonde linageuka ziwa, na watu wengi wanahamia mashambani kukaa kwenye madungu, kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Mbu wa kwetu usiulize. Wataalamu waliowahesabu pale kijijini mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuta kwamba mtu mmoja anaweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Yaani karibu kila usiku. Niliposoma namba hiyo nilicheka peke yangu, maana bibi angewaambia hivyo bila kuhesabu.

Nilimaliza kidato cha nne. Matokeo yalitoka, yale ya kusema tunamshukuru Mungu, na safari ya shule ikaishia pale. Nikarudi nyumbani na ndoto moja tu: kuandika riwaya. Wewe unayesoma gazeti hili nadhani unaijua hali hiyo. Watu wanakuuliza siku hizi unafanya nini. Ukijibu unaandika, wanakuuliza unaandika nini, barua? Mama peke yake hakuniuliza. Yeye alisema tu, "Andika mwanangu, lakini ule pia."

Basi katika kuhangaika huku na huko nikapata kibarua cha usafi katika maabara moja, katika mji ambao sitautaja. Nilipiga deki, niliosha vyombo vya kioo, nilitoa taka. Na nilikuwa na kazi moja ndogo ambayo mwanzoni niliidharau: kusoma joto la friza mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, Jumapili ikiwemo, na kuliandika kwenye daftari lililoning'inizwa ukutani kwa kamba. Tarehe, saa, namba, saini. Basi.

Ndani ya friza hilo mlikuwa na vitu vinavyoitwa peptidi. Sikujua ni nini. Mtaalamu mkuu wa maabara alikuwa mama mmoja wa makamo, sote tulimwita Mama tu. Siku ya tatu ya kazi nilimwamkia, nikamuuliza, hiki kitu kinachotunzwa kama yai ni kitu gani. Hakunicheka. Aliketi kwenye stuli akanieleza.

"Umewahi kuona shanga?" akaniuliza.

"Nimeona, Mama."

"Basi protini ni ushanga mrefu sana. Kila shanga moja inaitwa asidi amino. Ziko za aina ishirini, na ukibadilisha mpangilio wake unapata kitu kingine. Sasa ukikata kipande kifupi tu cha huo ushanga, shanga kumi, ishirini, arobaini, hiyo ndiyo peptidi. Siku hizi hatukati. Mashine inatunga shanga moja baada ya nyingine mpaka upate kipande unachokitaka."

Akanionyesha kichupa kimoja. Nilitazama nikaona hakuna kitu. Akanigeuzia kwenye mwanga, ndipo nikaona ukungu mweupe umeshika kwenye ukuta wa kichupa, mfano wa unga wa muhogo uliobaki kwenye bakuli. Akasema hiyo ni miligramu moja, imetoka ng'ambo, na bei yake ingeninunulia baiskeli.

Kuanzia hapo akawa ananifundisha kidogo kidogo, mimi nikishika fagio. Nitakueleza nilivyofundishwa, maana ndipo habari yangu ilipo.

Peptidi inakuja ikiwa imekaushwa. Ikiwa kavu, kichupa kimefungwa, kimekaa gizani pamoja na vijiwe vya kunyonya unyevu, katika joto la nyuzi 20 chini ya sifuri, au bora zaidi 80 chini ya sifuri, inaweza kukaa miaka. Adui wa kwanza ni maji. Kwa hiyo ukikitoa kichupa kwenye friza, usikifungue. Kiache kwanza ndani ya chombo chenye vile vijiwe mpaka kiwe na joto la chumba. Ukikifungua kikiwa bado baridi, hewa ya huku kwetu inaingia na kuacha umande ndani, vile vile soda baridi inavyotoka jasho juu ya meza. Jasho hilo kwa soda si kitu. Kwa peptidi ndio mwanzo wa kuharibika.

Kabla ya kufungua unakizungusha kidogo kwenye mashine, ili unga ulioshika kwenye kifuniko ushuke chini. Halafu unayeyusha. Nyingine zinayeyuka kwa maji yaliyotakaswa, nyingine zinataka tone la asidi ya siki, na zile zisizopenda maji kabisa zinayeyushwa kwanza kwa dawa iitwayo DMSO. Hutikisi kama mtu anayepiga maziwa. Unazungusha mkono polepole. Zipo zenye shanga zinazoharibiwa na oksijeni ya hewa: sisteini, methionini, tripitofani. Hizo zinataka haraka na mfuniko.

Ikishayeyuka, hapo ndipo Mama alikuwa mkali. Huirudishi yote kwenye friza katika chupa moja. Unaigawa katika mafungu madogo, kila fungu matumizi ya mara moja, unaandika jina, kiasi na tarehe, unagandisha. Siku ya kazi unatoa fungu moja, unalitumia, kinachobaki unamwaga. Kugandisha na kuyeyusha, kugandisha na kuyeyusha, kunaivunja. Hata friza lenyewe lilichaguliwa. Yale ya majumbani yasiyoshika barafu yanajipasha joto kila baada ya muda ili barafu itoke. Kwa nyama ya nyumbani ni sawa, kwa peptidi ni mateso.

"Na unajua ubaya wake?" Mama aliniambia. "Nyama ikioza utainusa. Maziwa yakiganda utayaona. Peptidi ikiharibika haisemi kitu. Maji ni yale yale, meupe, safi. Kitakachokwambia ni daftari lako tu."

Siku nyingine akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Namawala. Akaweka pipeti chini.

"Namawala ya Kilombero? Basi wewe na peptidi ni ndugu wa damu, na hujui!"

Akanisimulia habari ya chanjo iitwayo SPf66. Aliyeitengeneza ni Manuel Elkin Patarroyo, daktari wa Kolombia, na habari zake zilianza kusikika duniani katika miaka ya 1980. Haikuwa na kimelea kizima ndani yake. Ilikuwa peptidi, iliyotungwa kwa mkono wa binadamu, asidi amino 45, ikiunganisha vipande vya protini za kimelea cha malaria, kisha ikaunganishwa na wenzake kuwa mnyororo mrefu na kuchanganywa na chumvi ya aluminiamu ili mwili uishtukie. Na hapa pana jambo lililonishangaza. Peptidi kavu inataka kugandishwa. Lakini chanjo ikishachanganywa na aluminiamu ya namna ile, kugandisha ndiko kunakoiharibu. Inatakiwa kati ya nyuzi 2 na 8, juu ya sifuri, tena bila kukatika, kutoka kiwandani mpaka kwenye bega la mtoto.

"Na mara ya kwanza kupima nguvu yake Afrika," akasema Mama, "walikwenda Idete."

Idete! Idete ni jirani zetu kabisa. Na wazazi wangu walikaa Idete kabla ya kuhamia Namawala na kunizaa mimi.

Jioni ile nilimpigia mama yangu simu. Nikamuuliza kama anakumbuka habari ya sindano za malaria za Idete. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Si dada yako alichomwa."

Dada yangu mkubwa alizaliwa 1990. Mwaka 1993, akiwa na miaka mitatu, alikuwa mmoja wa watoto 586 wa mwaka mmoja hadi mitano walioingia katika jaribio lile. Sindano tatu. Mama alimbeba mgongoni mara zote tatu. Watoto wengine walipewa chanjo, wengine walipewa sindano isiyo na chanjo ile, na hakuna aliyejua nani kapata ipi: mzazi hajui, mchomaji hajui. Mpaka leo mama hajui. Aliniambia, "Mimi nilijiambia ya mwanangu ni ya kweli. Kila mama alijiambia hivyo."

Majibu yalichapishwa mwaka 1994. Chanjo ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Wenyewe waliandika wazi kwamba kwa hesabu zao ukweli unaweza kuwa popote kati ya 0 na 52. Dunia ilifurahi, maana hapakuwa na kitu kingine. Halafu wakapima Gambia kwa watoto wachanga, ikatoka asilimia 8, ambayo kwa hesabu ni kama hakuna. Wakapima Thailand, hakuna. Wakarudi kwetu bonde la Kilombero, wakaipa watoto wachanga 1,207 pamoja na chanjo za kliniki, na majibu yaliyotoka mwaka 1999 yakasema asilimia 2. Safari ya SPf66 ikaishia hapo. Patarroyo alifariki mwaka 2025.

Nilimuuliza Mama wa maabara, sasa dada yangu alichomwa bure? Mama alinitazama kwa muda. Akasema, "Mwanangu, sindano ya dada yako ilijibu swali. Jibu lilikuwa hapana. Lingekuwa bure kama mtu angeandika ndiyo."

Sikulifikiria sana neno hilo wakati ule. Niliona ni maneno ya watu wazima.

Sasa nikupeleke nyuma kidogo, kwa babu yangu. Babu mzaa mama alikuwa mkulima, lakini wakati watafiti walipokuwa wakihesabu mbu kijijini aliwahi kuwekewa mtego wa taa ndani ya nyumba yake. Ni taa ndogo yenye feni, inatundikwa karibu na kitanda cha mtu aliyelala ndani ya chandarua. Mbu anakuja kumfuata mtu, anafuata taa, feni inamvuta, anaingia kwenye mfuko. Asubuhi mbu wanatolewa, wanahesabiwa. Watafiti waliandika yao, lakini babu naye alijinunulia daftari la shule akawa anaandika yake, kwa sababu alipenda kujua mambo ya nyumbani kwake. Tarehe, idadi, basi. Nilipokua nikalikuta daftari lile kabatini, nusu yake ni tupu. Hadithi zangu za kwanza, msomaji, niliziandika katika kurasa zilizobaki za daftari la mbu.

Mara moja, nikiwa darasa la nne hivi, nilimuuliza kwa nini usiku mwingine kaandika 0 na mwingine kaandika maneno "taa ilizima". Si yote sawa tu, mbu hakuna? Babu aliacha kushona jamvi lake.

"Si sawa hata kidogo. Sifuri maana yake taa iliwaka usiku kucha na mbu hawakuja. Taa ilizima maana yake sijui kama walikuja. Taa ikizima, andika ilizima. Usiandike mbu hawakuja."

Kwa akili ya darasa la nne niliona mzee anapenda kubishana.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Lilikuwa langu, sitamsukumia mtu.

Jumamosi moja jioni nilisoma friza, 20 chini ya sifuri, nikaandika, nikaenda zangu. Usiku ule, saa nne, umeme ulikatika mji mzima, ukarudi alfajiri. Hayo niliambiwa baadaye na mlinzi. Umeme uliporudi taa za jengo ziliwaka, mafriji ya vyumba vingine yakanguruma, lakini kile kifaa cha kulinda friza letu na umeme mkubwa hakikujiwasha. Kilikuwa cha kubonyezwa kwa mkono. Friza likabaki kimya.

Jumapili ilikuwa zamu yangu ya kwenda kusoma. Sikwenda. Sikuwa mgonjwa, sikuwa na msiba. Nilikuwa chumbani kwangu naandika sura ya saba ya riwaya yangu, nayo ilikuwa inatiririka kama haijawahi. Wewe mwandishi mwenzangu unajua siku hizo ni chache. Nikasema nitakwenda saa nne. Saa nne nikasema mchana. Mchana nikasema jioni, na jioni mvua ikanyesha, nami nikajiambia friza ni friza tu, lini limewahi kubadilika? Nililala saa saba usiku na kurasa kumi na nne, nina furaha kama mtu aliyeoa.

Jumatatu nilifika saa moja asubuhi, wa kwanza. Nikasikia ukimya. Ukimya wa friza unausikia, msomaji, hasa kama umezoea kulisikia linanguruma. Nikatazama kipimajoto: 14. Bila alama ya kutoa. Kumi na nne juu ya sifuri.

Nilibonyeza kile kifaa. Friza likashtuka, likaanza kunguruma. Nikasimama pale natazama namba. 14. Baada ya muda 12. Kisha 10. Nikapiga hesabu haraka, na niseme kweli akili yangu ilifanya kazi kuliko siku ya mtihani wa taifa. Mama huja saa tatu. Wanafunzi huja saa nne. Kufika mchana litakuwa limerudi chini. Hakuna atakayefungua kabla ya hapo, na akifungua ataona mafungu yameganda kama kawaida. Peptidi haisemi.

Nikachukua daftari. Mstari wa Jumamosi jioni umejaa. Jumapili asubuhi na jioni, patupu. Nikaandika Jumapili asubuhi: 20 chini ya sifuri, saini. Jumapili jioni nikaandika 21. Sikurudia 20. Mimi ni mtunzi, najua uongo mzuri haulingani sana. Niliweka na dakika: saa 12 na dakika 10 jioni. Nilitazama mistari ile miwili nikaona ni mizuri kuliko mistari ya kweli yote ya ukurasa ule. Ndipo nikaogopa.

Sikumwogopa Mama. Niliogopa kwamba imekuwa rahisi. Miaka yote najifunza kufanya kitu kisichotokea kionekane kimetokea, na sasa nimekifanya mahali ambapo mtu atakuja kusoma akiamini. Anayesoma riwaya anajua ni riwaya. Anayesoma daftari la joto hakuja kwa ajili ya hadithi.

Nikamkumbuka babu na jamvi lake.

Mama alikuwa amenifundisha kwamba katika maabara hufuti. Hutumii ufutio, huchani ukurasa. Ukikosea unapiga mstari mmoja tu juu ya kosa, ili lisomeke, unaandika sahihi pembeni, unatia saini na tarehe. Nikapiga mstari juu ya 20. Nikapiga mstari juu ya 21. Mkono ulitetemeka, mstari wa pili ukapinda. Pembeni nikaandika: "Sikuja. Haikusomwa." Chini yake nikaandika Jumatatu saa moja asubuhi, 14 juu ya sifuri, friza lilikuwa limezima. Kisha nikakaa kwenye stuli kumsubiri Mama.

Alipofika nilimwamkia, nikamwonyesha daftari. Alisoma taratibu, akaona mistari iliyokatwa, akaona 20 na 21 zikisomeka chini yake. Hakusema kitu. Alivaa glavu, akafungua friza, akaanza kutoa.

Vichupa vya unga mkavu alivitenga. Alinieleza huku akifanya kazi kwamba kavu iliyofungwa vizuri huvumilia siku moja mbili za joto. Hivyo ataviwekea alama na vitapimwa kabla ya kutumiwa. Yale mafungu yaliyoyeyushwa yalikuwa yamekaa majimaji kwa muda usiojulikana, na sasa yalikuwa yanaanza kuganda tena. Hayo aliyaweka kwenye mfuko wa taka. Yalikuwa mafungu zaidi ya thelathini, kazi ya kijana mmoja wa chuo kikuu aliyekuwa anafanya utafiti wake pale.

Kijana alikuja saa nne. Mama aliniambia nimweleze mwenyewe. Nilimweleza. Alikaa chini, akashika kichwa. Kumbe siku ya pili yake, Jumanne, ndiyo angeyatumia. Angezipaka peptidi zile kwenye sahani yenye vishimo vidogo vidogo, kisha aweke matone ya damu ya watoto, aone kama damu ya mtoto ina kinga inayozitambua. Peptidi ikiwa imevunjika, kinga haina cha kushika. Sahani ingemwambia mtoto huyu hana kinga, na huyu hana, na huyu hana. Naye angeandika. Na damu yenyewe ilikuwa matone machache kwa kila mtoto. Ikishatumika imekwisha. Huwezi kurudi kijijini kumwambia mama mzazi naomba tena, ile ya kwanza niliimaliza kwenye peptidi mbovu.

Nilimfikiria mama yangu mwaka 1993, dada mgongoni, njia ya vumbi, mara tatu.

Yule kijana hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ulishaandika 20, kwa nini ulikata?" Nikamwambia kwa sababu taa ilizima. Hakuelewa, nami sikuwa na nguvu ya kumwelezea habari za babu. Alipoteza wiki nyingi kusubiri mzigo mwingine kutoka ng'ambo. Hilo sitaki ulisahau, msomaji. Ukweli wangu wa Jumatatu haukumrudishia hata fungu moja. Ulichookoa ni ile damu.

Mwisho wa mwezi kibarua changu hakikuendelea. Kwa muda nilijipa moyo kwa kujifanya shujaa, kwamba nimefukuzwa kwa kusema kweli. Nilimwambia Mama hivyo siku ya kuaga. Akatikisa kichwa.

"Binti, usijidanganye. Kazi umeipoteza kwa sababu ya Jumapili. Kwa sababu ya Jumatatu ndiyo maana nakuaga kwa mkono."

Akanipa mkono.

Nilirudi Namawala wakati wa kupalilia mpunga. Nilimsimulia mama yangu yote, tumekaa barazani, dada naye alikuwa amekuja na wanawe. Nikawaeleza asilimia 31, nikawaeleza asilimia 2. Nikawaeleza kwamba watafiti walikwenda mbele, kwamba chanjo nyingine zimepimwa katika sehemu kadhaa, Bagamoyo na Korogwe zikiwemo, na kwamba Shirika la Afya Duniani limekubali moja mwaka 2021 na nyingine mwaka 2023. Hizo si za peptidi ya kutungwa namna ile, ni za aina nyingine, lakini waliozifanya walikuwa wameshajua njia ipi haipiti.

Mama alisikiliza, akauliza swali lake la miaka yote. "Kwa hiyo ya dada yako ilikuwa ya kweli au si ya kweli?"

Nikamwambia, "Mama, sijui."

Dada akacheka. Akasema yeye malaria imemshika mara nyingi mno, basi labda yake ilikuwa ya maji. Mama akasema au ilikuwa ya kweli, ndiyo maana uko hapa unacheka. Wakabishana mpaka wali ukaiva.

Daftari la babu bado ninalo. Babu mwenyewe hayupo tena. Nimehesabu kurasa zake: usiku tatu ameandika "taa ilizima". Tatu tu katika miezi yote ile. Nikizitazama hizo tatu ndipo ninaamini zile namba nyingine zote.

Sura ya saba imo kabatini. Niliisoma juzi. Si nzuri kama nilivyodhani usiku ule, ina maneno mengi ambayo naona niliyaandika kwa ajili ya kujifurahisha. Nimeanza kuiandika upya, asubuhi kabla ya kwenda shambani na usiku chini ya chandarua. Nikipata kibarua kingine nitawaandikieni. Na kama nitapewa tena kusoma friza, nitakwenda hata Jumapili ya mvua.